Karo Iliyolala Miaka Kumi: Wakala wa Madeni Anapopiga Simu

Miongoni mwa madeni yote yanayoingia majumbani mwetu, deni la karo ya chuo ndilo linalofichwa zaidi. Deni la dukani hulipwa mwisho wa mwezi, la chama hulipwa zamu ikifika, na la harusi hulipwa kwa kuchelea ulimi wa jamaa. Karo iliyosalia chuoni miaka minane au kumi iliyopita hulala kimya. Kijana aliondoka bila cheti, akaanza biashara ndogo au akaolewa. Chuo hakikuandika barua, na nyumba nzima ikajizoesha kudhani kwamba jambo limekwisha. Kisha siku moja simu inalia. Anayezungumza si mhasibu wa chuo bali ni wakala wa kukusanya madeni, na kiasi anachokitaja ni mara mbili au tatu ya kile ambacho mtu anakikumbuka.

Hapo ndipo hofu inapotangulia akili. Mama hutoa bangili zake za dhahabu zikauzwe. Binti hukopa kwa simu ili amtulize wakala, akawa amelipa deni moja kwa kujifunga na jingine lenye riba kali zaidi. Wengine huzima simu na kubadilisha nambari, jambo ambalo haliwaondolei deni wala haliwapi utulivu. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia ya kati: kulichunguza deni, kujua sheria ya nchi inasema nini, kisha kulimaliza kwa heshima na kwa kiasi kilicho cha haki.

Deni hufikaje kwa wakala

Chuo kinapokata tamaa ya kulipwa na mwanafunzi aliyeondoka, hukusanya majina ya wadaiwa na kuyakabidhi kwa kampuni au kwa wakili anayefanya kazi ya kudai. Mara nyingi wakala hulipwa fungu la kile atakachokipata. Asipopata kitu, halipwi kitu. Ndiyo sababu lugha yake huwa ya haraka: lipa leo, lipa kabla ya Ijumaa, lipa kabla hatujachukua hatua. Haraka hiyo ni ya biashara yake. Sheria haikumpa mdaiwa muda wa kufikia Ijumaa, na hakuna aya ya sheria inayomlazimu mtu kukiri deni kwa simu, papo hapo, mbele ya mtu asiyemjua.

Jibu la kwanza, basi, na liwe fupi na la adabu: "Nimekusikia. Niletee madai yako kwa maandishi, pamoja na barua ya chuo inayokupa idhini ya kudai." Msomaji asiseme zaidi ya hapo. Asitaje mahali anapofanya kazi, asitoe nambari ya kitambulisho, na asitume hata shilingi mia tano "ya kuonyesha nia njema." Sababu ya tahadhari hii ya mwisho itaelezwa hapa chini.

Hesabu kwanza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na deni la karo ni ushahidi wa msemo huo. Qur'ani yenyewe, katika aya iliyo ndefu kuliko zote, iliyo katika Suratul Baqara, imewaamrisha waumini kuandika madeni na kuyashuhudisha. Aliyehifadhi stakabadhi zake ana silaha mkononi. Asiyezihifadhi bado anaweza kuzitafuta: kwa benki ambako karo iliwekwa, kwenye taarifa za M-Pesa, na katika ofisi ya uhasibu ya chuo chenyewe.

Tuchukue mfano wa binti aliyesomea stashahada ya mihula sita, kila muhula Sh 25,000. Alisoma mihula mitano. Baba akaugua, binti akarudi nyumbani kabla ya muhula wa sita kuanza. Risiti zake zinaonyesha amelipa Sh 80,000. Zaidi ya hapo, alipata basari ya Sh 15,000 ambayo hundi yake ilipelekwa chuoni moja kwa moja. Miaka inapita, na wakala anadai Sh 120,000.

Ukiichambua hesabu ya wakala, utaona ilivyojengwa. Chuo kimehesabu mihula yote sita, yaani Sh 150,000, kikaondoa Sh 80,000 za risiti, zikabaki Sh 70,000. Juu yake imewekwa faini ya kuchelewa, Sh 20,000, na gharama za kukusanya, Sh 30,000. Hakuna aliyekumbuka kwamba muhula wa sita haukusomwa, wala kwamba hundi ya basari ilifika lakini haikuandikwa katika hesabu ya mwanafunzi. Ukiondoa Sh 25,000 za muhula ule na Sh 15,000 za basari, karo halisi iliyobaki ni Sh 30,000. Deni ni robo ya kile kilichotajwa katika simu.

Si kila hesabu itapungua kiasi hicho, na wako ambao watakuta wakala amesema kweli tupu. Hata hivyo, makosa ya namna hii hutokea, hasa kwa wanafunzi walioondoka bila kuandika barua ya kuahirisha masomo. Kwa hiyo mdaiwa aombe mambo manne kwa maandishi: taarifa ya karo ya muhula kwa muhula, kiwango rasmi cha karo cha miaka ile aliyosoma, fomu ya kujiunga aliyoitia sahihi, na maelezo ya kila shilingi iliyoongezwa juu ya karo, pamoja na kifungu cha makubaliano kinachoiruhusu. Ikiwa fomu ile haikutaja faini wala gharama za wakala, mdaiwa ana haki ya kuuliza zimetoka wapi. Na kwa upande wa dini, wanazuoni wengi huihesabu ziada anayoitoza mdai kwa sababu ya kuchelewa kulipwa kuwa ni riba. Hiyo ni sababu nyingine ya kulitenganisha deni la asili na nyongeza zake.

Miaka sita ya sheria, na deni lisilozeeka

Sheria ya Kenya ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inasema kwamba madai yanayotokana na mkataba hayafunguliwi mahakamani baada ya kupita miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza. Karo ni deni la mkataba. Miaka hiyo huhesabiwa tangu siku karo ilipostahili kulipwa, wala si tangu siku wakala alipopiga simu ya kwanza. Ikiwa chuo kilikwisha kushinda kesi mahakamani, basi hesabu ni nyingine, kwani hukumu ina ukomo wa miaka 12.

Hapa ndipo tahadhari ya shilingi mia tano inapopata maana yake. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, au akilipa sehemu yake, hata iwe ndogo namna gani, muda huanza kuhesabiwa upya tangu siku ile. Baadhi ya mawakala wanalijua hilo vyema. Wanapoomba "kidogo tu," wanaweza kuwa wanalifufua deni ambalo mahakama isingelisikiliza tena.

Tena ukomo huu haujitetei wenyewe. Mtu akipelekewa wito wa mahakama naye akaupuuza kwa kuwa anajua miaka imepita, hukumu yaweza kutolewa bila yeye kuwapo. Ni lazima ajibu, na katika jibu lake aseme wazi kwamba madai yamepitwa na wakati.

Lakini muumini ana mizani miwili. Mahakama inaweza kuufunga mlango wake baada ya miaka sita. Dhima iliyo baina ya mja na Mola wake haifungwi na kalenda. Deni la haki hubaki kuwa deni mpaka lilipwe au lisamehewe na mwenyewe. Waislamu wanaijua habari ya Mtume (S.A.W.) aliyejizuia kumsalia maiti aliyeacha deni, mpaka mmoja wa Maswahaba alipojitolea kulidhamini. Basi faida ya kuijua miaka sita ni kwamba anayejua kuwa hawezi kuburutwa mahakamani huketi mezani bila kutetemeka. Huweza kusema, "Karo ya mafunzo niliyoyapata nitailipa, kwa kuwa ni haki yenu. Faini na gharama za wakala sizikubali." Pia kwa kawaida cheti hubaki mikononi mwa chuo hata baada ya ukomo kupita, na kwa wengi cheti hicho ndicho kitu chenye thamani zaidi katika mjadala wote.

Vitisho visivyo na msingi

Kitisho kinachosikika sana ni polisi. Kutolipa karo ni shauri la madai, si jinai. Afisa wa polisi hana kazi ya kukusanya karo, na wakala hana mamlaka ya kumkamata mtu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972, unakataza katika ibara yake ya 11 mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza ahadi ya mkataba. Sheria ya nchi ingali na kifungo cha madai, lakini hakifikiwi kwa simu: ni lazima kwanza pawe na kesi na hukumu, kisha mahakama imsikilize mdaiwa na kutazama kama ana uwezo wa kulipa naye anakataa kwa makusudi. Asiye nacho si sawa na mwenye nacho anayeficha. Uislamu nao umetofautisha hivyo hivyo: mwenye uwezo anayechelewesha haki ya mwenziwe anadhulumu, na mwenye dhiki anastahili kungojwa mpaka apate wasaa.

Kitisho cha pili ni aibu. Wakala hupiga simu kwa mwajiri, kwa mama mkwe, kwa jirani, au hutuma ujumbe katika kundi la WhatsApp la ukoo. Hili lina dawa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu binafsi, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Mwezi wa Septemba 2023, ofisi hiyo iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh 2,975,000 kwa kutumia nambari za watu wengine na kutuma ujumbe wa vitisho. Kwa hiyo usiufute ujumbe wa matusi. Upige picha, uandike tarehe na saa ya kila simu, na umwombe jamaa aliyepigiwa naye aandike alichoambiwa.

Kitisho cha tatu ni dalali mlangoni. Dalali halali ana leseni na ana amri ya mahakama mkononi. Baada ya kuorodhesha vitu vya nyumbani hutoa notisi ya siku 7 kabla ya kuvichukua. Anayekuja bila amri hana ruhusa ya kubeba hata kiti. Tena Sheria ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 44, imeviweka kando vitu ambavyo havikamatwi kwa deni la hukumu: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, zana za kazi ya fundi, na yale mapambo ya mwanamke ambayo kwa desturi ya dini yake hawezi kutengana nayo. Cherehani ya mshonaji, basi, si kitu cha kuchukuliwa ovyo.

Nani hasa anadaiwa?

Swali hili huwagusa akina mama zaidi ya wote. Deni ni la yule aliyetia sahihi. Ikiwa mzazi alitia sahihi fomu ya kujiunga akiwa mlipaji au mdhamini, anaweza kudaiwa. Ikiwa ni mwanafunzi mtu mzima peke yake aliyesaini, mzazi hana deni, hata kama ndiye aliyekuwa akilipa kwa hisani yake. Mke hadaiwi karo ya mumewe ya kabla ya ndoa, wala mume ya mkewe, maadamu hakudhamini. Mahari na mali ya mke ni yake. Akipenda kumsaidia mumewe, huo ni wema wake na ana thawabu kwao. Wakala hana haki ya kumlazimisha.

Ikiwa mdaiwa amefariki, deni halirukii mifuko ya watoto. Hutolewa katika mali aliyoiacha, kabla ya warithi kugawana. Kwa sababu hiyo ni vyema karatasi za deni ziwe mahali panapojulikana na watu wa nyumbani, ili warithi wasije kushtukizwa baada ya mali kugawanywa.

Baadhi ya watu hukimbilia kwa Kadhi kuomba suluhu ya deni la chuo. Ibara ya 170 ya Katiba imeihusisha Mahakama ya Kadhi na mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Deni la karo liko nje ya hayo. Chuo kikishtaki kiasi kisichozidi Sh 1,000,000, shauri laweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo hutakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Asiyejiweza anaweza pia kuiendea Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Mkopo wa HELB ni jambo jingine

Familia nyingi huchanganya deni la karo na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Karo ni deni baina yako na chuo. Mkopo wa HELB unaongozwa na sheria yake ya mwaka 1995. Hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, malipo hutakiwa kuanza mwaka mmoja baada ya masomo kumalizika, na anayekaa kimya hutozwa faini ya Sh 5,000 kila mwezi. Faini hiyo kwa mwaka mmoja ni Sh 60,000, na kwa miaka mitatu inaweza kuupita mkopo wenyewe. Mara kadhaa Bodi imetangaza msamaha wa sehemu kubwa ya faini kwa wanaolipa deni lao kwa mkupuo, kwa hiyo mwenye deni hilo asikate tamaa kwa kuitazama jumla yake. Aulize, na aulize kwa maandishi.

Jina la mdaiwa likipelekwa katika mashirika ya kumbukumbu za mikopo, CRB, mlango wa mikopo hufungwa, na baadhi ya waajiri huulizia cheti cha kutodaiwa. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Ni vyema kuiomba kabla ya kuingia katika mazungumzo yoyote, maana wako waliotishwa kwa CRB na kumbe majina yao hayakuwahi kupelekwa.

Namna ya kulimaliza

Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hunywewa kwa kipimo. Hesabu ikishajulikana na familia ikishakaa kikao, utaratibu unaofaa ni huu.

Nenda chuoni kwanza. Mhasibu au msajili mara nyingi ana uwezo wa kufuta faini ambao wakala hana, na chuo kina sababu ya kupenda kupata karo yake yote kuliko kumgawia wakala fungu. Ikiwa chuo kinashikilia kwamba mazungumzo yawe na wakala, pata barua inayosema hivyo.

Toa pendekezo la maandishi: kiasi unachokikubali na njia ya kukilipa, kwa mkupuo au kwa awamu. Ikiwa miaka sita imekwisha kupita, mwonyeshe wakili barua hiyo kabla ya kuitia sahihi. Usiahidi Sh 10,000 kwa mwezi ikiwa chumo la nyumba linaruhusu Sh 2,500. Awamu iliyovunjika huharibu makubaliano mazima.

Makubaliano yataje mambo matatu bila kificho: kwamba kiasi hicho ni malipo kamili na ya mwisho, kwamba cheti na nakala za matokeo zitatolewa ndani ya siku kadhaa zilizotajwa, na kwamba jina, ikiwa lilipelekwa CRB, litasahihishwa. Lipa katika akaunti rasmi ya chuo, kamwe usilipe katika nambari ya simu ya mtu binafsi. Baada ya awamu ya mwisho, omba barua ya kumaliza deni, na uitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa.

Na fedha zitoke wapi? Zisitoke katika mikopo ya simu. Bangili za dhahabu nazo zisiuzwe kwa hofu ya simu moja. Ikiwa familia itaamua kuziuza, iwe baada ya hesabu kukubaliwa na barua kuandikwa. Kuna mlango ambao wengi wetu tunausahau. Qur'ani, katika Suratut Tawba, imewataja wenye madeni kuwa miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Kijana aliyesoma, akashindwa kumaliza karo kwa ugonjwa wa mzazi au kifo cha mlezi, na cheti chake kimefungiwa kabatini mwa chuo, ana haki ya kulipeleka shauri lake kwa imamu na kwa kamati ya zaka ya msikiti wake. Sh 30,000 zilizolipwa moja kwa moja chuoni huweza kumtoa mtu katika kundi la wapokeaji na kumtia katika kundi la watoaji, kwa kuwa cheti kile ndicho kinachosubiriwa na mwajiri.

Kwa hiyo, ewe mzazi, ikiwa mwanao aliwahi kuondoka chuoni na salio, muulize wiki hii, kwa upole na bila lawama, ni kiasi gani kilibaki na karatasi ziko wapi. Nawe kijana uliyelificha jambo hili kwa kuona haya, mwambie mmoja wa wazee wako. Andaeni faili, wekeni kila risiti ndani yake, na muandike barua ya kuomba taarifa ya karo kabla wakala hajapiga simu.